Maji ya Dunga na Maji ya Anga

Maji ya ziwa pale Dunga yanafaa kutawadhia. Kuyanywa, nakukataza. Nimeishi na hukumu hizi mbili tangu enzi za kazi, asubuhi maabara ya hospitali, jioni nasomesha mabinti fiqhi hapa Kaloleni, na mpaka leo wapo wazee wenzangu wanaodhani ukishika moja lazima uitupe nyingine.

Sisi Mashafii tuna kipimo cha kulateni. Maji yakifika kiasi hicho, pipa moja kubwa hivi, kisha yakaingiwa na najisi, hayanajisiki mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu. Sasa Ziwa Victoria ni kulateni ngapi? Hata Lwang'ni, magari yanakooshewa majini, sogea mbele kidogo unapata maji twahara. Lakini maji hayo hayo nimeyapaka kwenye sahani ya maabara, nikayalaza usiku kucha ndani ya kabati la joto la nyuzi 37, na asubuhi nikaikuta sahani imetapakaa madoa ya waridi hadi ukingoni. E. coli, bakteria wa matumbo yetu. Na kipindupindu hakijatuhama upande huu.

Ndipo binti mmoja wa kidato cha pili akauliza, huku wenzake wakijibana wasicheke: "Ustadha, wale wa anga za juu wanakunywa mkojo wao. Udhu wao unasihi?"

Swali zuri sana. Tangu 2009 wanaanga wa Kituo cha Kimataifa cha Anga wamekuwa wakinywa maji yanayotokana na mkojo, jasho na pumzi zao. Mkojo hugeuzwa mvuke, mvuke ukakusanywa, maji yakachujwa, yakapitishwa kwenye joto kali na kutiwa iodini. Mwaka 2023 NASA ilitangaza kwamba mtambo umefikia kurudisha asilimia 98 ya maji yote. Naamini yangeletwa kwenye meza yangu ya zamani, ningeyapitisha upesi kuliko ya mfereji wa mtaani kwetu. Basi tazama: ya ziwani yana vijidudu na ni twahara, ya angani yamesafika na asili yake ni najisi.

Mashafii wa zamani ni wagumu hapa. Najisi kwao haigeuki twahara ila kwa njia chache, kama mvinyo uliogeuka siki wenyewe, au ngozi iliyodabighiwa. Mahanafi wamepanua mlango. Mwaka 1978 baraza la wanazuoni wakuu wa Saudia lilikubali maji taka yaliyosafishwa hadi yasibakize dalili ya najisi katika rangi, ladha wala harufu. Nilimwambia binti kwamba mimi nashika kauli hiyo, na baba yake akitaka kubishana aje.

Angalia lakini vipimo vyenyewe: jicho, ulimi, pua. Wasomi wengine wa maabara huvicheka, mimi navitetea. Sheria ya ibada imemshukia mvuvi na mchuuzi wa omena, na Mungu hamkalifishi mtu kwa kisichoonekana ila kwa hadubini. Ila kipimo hicho ni cha kusimama mbele ya Mungu. Mama akimnywesha mwanawe maji ya Dunga bila kuyachemsha, mtoto akaharisha, hawezi kujitetea kwa kulateni. Pale kuna haki ya mtu mwingine, na kwenye haki ya mtu naona hadubini ni wajibu kwa yeyote anayeweza kuifikia.

Huko angani hadubini haipumziki, na bado vijidudu vimo. Mabomba ya mtambo wa maji yamewahi kuzibwa na utelezi wa bakteria, ule ule unaoupapasa ndani ya mtungi wa lita 20 usiosuguliwa. Na yuko mmoja anayetuhusu sisi wa kando ya ziwa. Ng'ambo yetu, Mwanza, juu ya kilima cha Bugando, ipo hospitali ya rufaa. Kwenye damu ya mtoto mchanga aliyelazwa pale kulipatikana bakteria ambaye 2016 alipewa jina la hospitali: Enterobacter bugandensis. Sampuli zilizochukuliwa 2015 kwenye choo na mashine ya mazoezi ya kituo cha anga zilikuja kuonyesha kwamba naye yumo. Si kwamba kuna mtu wa Mwanza aliyempeleka; jamii yake huishi popote watu walipo. Utafiti wa 2024 ulichunguza 13 wa huko juu, na dawa nyingi hawazisikii. Habari zikazagaa dunia nzima. Damu ya yule mtoto ilikuwa imesema hayo mapema, wakasikia wachache.

Wapo watafiti waliopanguziwa na wanaanga sehemu 803 za kituo hicho, na 2025 wakaandika kwamba penyewe pamepungukiwa: vijidudu vya ngozi za watu vimejaa, vya udongo na maji ni haba, na huenda ingefaa kuongeza vya namna hiyo vilivyo vyema. Mimi, niliyefundishwa kutayamamu kwa vumbi la ardhi maji yakikosekana, nilitabasamu. Mwaka 2007, Ramadhani, Sheikh Muszaphar Shukor wa Malaysia (Sheikh ni jina lake, kazi yake ni udaktari wa mifupa) alikwenda kule, na wanazuoni wa kwao, Mashafii kama sisi, wakaruhusu mtu atayamamu kwa kupiga viganja kwenye ukuta au kioo safi, hata pasipo vumbi.

Binti hakuishia hapo. Na Mirihi je, ambako udongo upo tele? Udongo wa kule una chumvi za pakloreti, ambazo ni sumu. Chombo cha Phoenix kilizikuta 2008. Na atakayepiga viganja vyake pale atawaacha bakteria wake, labda wa Bugando wakiwemo, na mkataba wa anga wa 1967 unazitaka nchi zisichafue sayari nyingine. Sisi tulioletewa gugu maji miaka ya 1980, likafunga ghuba yetu hadi boti zikakwama, hatuhitaji kuelezwa kiumbe mgeni akishatua inakuwaje.

"Lakini atakuwa na glavu, Ustadha."

Kweli. Kupangusa juu ya soksi za ngozi kunajulikana katika udhu. Juu ya glavu, kwenye madhehebu yetu hakumo. Kwa hiyo atayamamu ukutani, ndani ya chombo, kabla hajafungua mlango.