Masega ya gari: Mali ni yangu, moshi ni wa nani?



Nilimpelekea fundi gari langu, Toyota kuukuu ya mtumba kutoka Japani, anitengenezee breki. Alipotoka chini ya gari alikuwa na tabasamu: "Ustaadh, masega yako bado yapo! Nikate, niunge bomba tupu, gari litakuwa jepesi. Mnunuzi yupo." Fedha aliyotaja ilitosha breki na chenji ikabaki. Nikamwambia anipe muda.

Kwa wasioyajua, masega yamo kwenye bomba la ekzosi: kauri yenye vitundu mithili ya sega la nyuki, iliyopakwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Madini hayo ni ghali, ndiyo maana yana wanunuzi. Kazi yake ni kupunguza sumu ya moshi, hasa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu inayoizuia damu kubeba oksijeni. Zamani tungesema petroli yetu ina risasi na risasi huyaua masega. Udhuru huo uliondoka mwaka 2006, nchi za kusini mwa Sahara zilipoachana na petroli hiyo.

Basi imebaki hoja moja: si mali yangu? Nakiri hoja hii ina nguvu kuliko tunavyodhani. Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu kinachosomeshwa pwani yetu yote, ameitaja kauli iliyo sahihi zaidi kuwa mtu anaruhusiwa kuigeuza nyumba yake, hata ikizungukwa na makazi ya watu, kuwa hamamu au zizi la wanyama. Wengi wataishia hapo. Lakini ameweka sharti: achukue tahadhari na aziimarishe kuta.

Ukuta wa gari ni upi? Kwa ufahamu wangu ni masega. Gari limekuja na ukuta wake. Mimi niuuze ukuta nibaki na moto? Na jirani yangu ni nani kama si yule kijana anayeuza maji na karanga kwenye foleni, kutwa nzima katikati ya mabomba ya magari?

Fundi alinijibu kuwa malori yanatoa moshi mweusi mchana kweupe na hakuna anayeyagusa. Kweli. Lakini Mtume (S.A.W.) alipokataza kudhuru na kudhuruana hakuwasamehe waliotanguliwa na wengine. Dhambi ya lori haiwi kafara ya Toyota yangu.

Mwenye gari ambalo masega yameziba, injini haipumui na mapya hayawezi, huyo simhukumu, awaulize wanazuoni. Yangu hayajaziba. Ama mafundi wanaoyang'oa bila mwenye gari kujua, huo ni wizi, hauna mjadala.

Breki nimelipa kwa kukopa kwa mwalimu mwenzangu. Fundi bado ananicheka.