Maji ya Kijani Hayamwagwi Voi

Wiki hii, nyuma ya nyumba moja ya wageni mjini Voi, kidimbwi cha kuogelea kilifunguliwa tundu la chini na maji yakaachwa yaende zake. Yalipita chini ya lango, yakafuata mtaro, mtaro ukajaa, yakamwagikia barabarani. Yalikuwa ya kijani kama mchuzi wa mchicha. Kijana aliyekuwa akisukuma mkokoteni wa mitungi kutoka kwenye kioski cha maji alilazimika kusimama kando kuyapisha.

Mtunza kidimbwi alikuwa amejaribu kuyatetea. "Mzee, haya maji yanaponyeka. Nipe siku nne tu." Mwenye nyumba hakuwa mtu mbaya wala mkali. Alikuwa na haraka. "Wageni wanaingia Ijumaa, fundi. Mwaga tujaze mapya."

Uamuzi wa namna hiyo hutolewa kila mwaka katika viwanja vya Voi, na hutolewa kwa wepesi unaoumiza. Katika nchi za baridi, Kanada au Ujerumani, mwenye kidimbwi hukifunika majira ya baridi yakiingia na kukifunua kukiwa na joto tena. Ubaridi humsaidia, kwa kuwa mwani hukua polepole sana katika maji baridi. Voi, iliyo kama mita 600 tu juu ya usawa wa bahari, haina msaada huo. Majira yake ya baridi ni ya biashara: kati ya Aprili na Juni magari ya watalii wanaokwenda Tsavo Mashariki hupungua, vyumba hubaki vitupu, na mwenye nyumba huanza kubana matumizi. Pampu huzimwa. Mtunza kidimbwi huambiwa apumzike nyumbani, ataitwa msimu ukichanganya.

Lakini jua halipumziki. Klorini isiyo na kinga humalizwa na mwanga wa jua katika muda wa saa chache. Upepo huleta lile vumbi jekundu linalowapaka rangi ndovu wa Tsavo, ndege huacha vinyesi, mwarobaini hupukutisha majani, na vyote hivyo huwa chakula cha mwani. Maji yakikaa bila kuzungushwa na bila dawa, wiki moja au mbili hutosha. Utelezi huanza kwenye ngazi na nyuma ya vishikio, kisha kuta, kisha sakafu haionekani tena. Hapo kidimbwi kimekuwa hatari, maana mtoto akizama ndani yake hakuna atakayemwona, na mbu nao wamekwisha kupata makao.

Kwa hiyo hakuna anayesema kiachwe hivyo hivyo. Kinachopingwa ni kuyamwaga maji.

Kidimbwi cha kawaida cha nyumba ya wageni, chenye urefu wa mita 10, upana wa mita 5 na kina cha wastani wa mita moja na nusu, hubeba lita 75,000. Hiyo ni mitungi 3,750 ya lita 20. Tukiuhesabu mtungi kwa shilingi 20 tu, yaliyoingia mtaroni ni maji ya shilingi 75,000. Mashirika ya misaada huhesabu lita 15 kwa mtu kwa siku kuwa kiwango cha chini wakati wa dharura. Kwa kipimo hicho, familia ya watu watano ingekaa na maji yale siku 1,000, karibu miaka mitatu.

Wala Voi si mahali maji yanapokuja yenyewe. Mvua yake kwa mwaka ni kama milimita 550, na wakulima wa nyanda za chini wanajua kwamba masika mara nyingi huja kwa ubahili. Tegemeo lao ni vuli ya Novemba na Desemba. Visima vingi vya huko chini hutoa maji ya chumvichumvi. Maji matamu ya bomba hutegemea sana Mzima, chemchemi zilizo ndani ya Tsavo Magharibi, ambazo maji yake hupenya kwenye miamba ya volkano ya Milima ya Chyulu kabla ya kuibuka. Bomba lililojengwa miaka ya 1950 huyasafirisha maji hayo hadi Mombasa, na Voi hupata mgawo wake njiani. Mtu anayefungua mfereji Voi anatumia maji yaliyotoka mbali, na kuna mji mkubwa zaidi mbele yake unaoyasubiri.

Wanyama nao wamo katika hesabu hii. Novemba 2022, ukame ukiwa umekithiri, Wizara ya Utalii ilitangaza kwamba ndovu 205 walikuwa wamekufa nchini kati ya Februari na Oktoba mwaka huo, na Tsavo ilitajwa miongoni mwa maeneo yaliyoumia zaidi. Miaka michache kabla, mkulima wa Taita Taveta, Patrick Kilonzo Mwalua, alikuwa amejulikana duniani kwa kuendesha lori la maji hadi kwenye mashimo makavu ya Tsavo Magharibi ili nyati, pundamilia na ndovu wanywe. Lori lake lilibeba takriban lita 11,000 kwa safari. Kidimbwi kimoja cha nyumba ya wageni ni safari zake karibu saba.

Na mtunza kidimbwi alisema kweli: maji yale yangepona. Kazi yenyewe inastahili kuelezwa, kwa sababu wengi wanaoamuru kumwaga hawajawahi kuiona ikifanywa hadi mwisho.

Huanza kwa wavu. Majani, vijiti na vyura waliokufa hutolewa kwanza, la sivyo klorini itaishia kwenye taka hizo kabla ya kuufikia mwani. Kisha hupimwa pH, kipimo cha asidi na alkali majini, na hapa ndipo watu wa Voi hupoteza pesa bila kujua. Fundi huchota maji katika kichupa, hudondosha dawa ya kupimia, hutikisa, halafu hukiinua kwenye mwanga na kulinganisha rangi. Ikiwa ya waridi iliyokoza, pH imepanda mno. Klorini hufanya kazi vizuri pH ikiwa kati ya 7.2 na 7.6. Kwenye 7.5 karibu nusu yake iko katika hali ya kuua vijidudu na mwani, kwenye 8.5 imebaki takriban sehemu moja ya kumi. Maji magumu ya kisima hupenda kukaa huko juu. Mwenye nyumba humwaga ndoo baada ya ndoo ya dawa, haoni mabadiliko, anasema maji yameshindikana. Dawa ilikuwepo, ila haikuwa na nguvu. Asidi kidogo, ikiwekwa peke yake na kupewa saa kadhaa kuzunguka, ingeirudishia makali. Peke yake kwa sababu asidi na klorini zikikutana katika ndoo moja hutoa gesi inayoua.

Klorini yenyewe huingia jua likizama. Kwa lita 75,000, kilo moja na kidogo ya klorini ya chembechembe, ile yenye nguvu ya asilimia 65 hadi 70, hufikisha miligramu 10 kwa lita, kiasi cha kuutikisa mwani. Huyeyushwa kwenye ndoo iliyokwisha kujazwa maji, si maji kumwagiwa juu ya dawa. Baada ya hapo ni brashi. Ukutani mwani hujifunga kwa utando unaouzuia kudhurika, kwa hiyo usiposuguliwa dawa hupita juu juu. Fundi husukuma brashi ya mpini mrefu kutoka ukingoni kwenda chini, na kila anaposukuma wingu la kijani huchomoka na kutanda majini. Kwa mtu asiyejua, kidimbwi kinaonekana kimechafuka zaidi. Pampu huachwa ikivuma usiku kucha.

Asubuhi rangi imebadilika. Kijani kimekuwa kijivu chenye weupe, dalili kwamba mwani umekufa na sasa unaelea tu. Mshale wa kipimo kwenye chujio la mchanga umepanda, chujio linasafishwa kwa kurudisha maji nyuma, na jioni kazi inarudiwa. Yakibaki maji ya maziwamaziwa, shabu ambayo bibi wa Pwani waliitumia kutuliza maji ya mtungi hufanya kazi ile ile hapa: uchafu hushikana, huzama, hufyonzwa polepole kutoka sakafuni. Kusafisha chujio na kufyonza kunapoteza mamia ya lita, labda elfu chache. Hakupotezi elfu sabini na tano. Siku ya nne sarafu huonekana chini upande wa kina kirefu, na klorini ikishuka hadi miligramu 1 hadi 3 kwa lita watu wanaweza kuingia.

Wapo wanaokimbilia mrututu ili wasisugue. Mrututu unaua mwani kweli, lakini shaba yake hutia madoa vigae, na maji hayo yakifika kijitoni huua samaki.

Mwenye kidimbwi atasema: maji ni yangu, bili nimelipa. Amelipa bei ya kuyaleta, na bei hiyo haimpi haki ya kuwa mtu pekee anayeamua yapotee wakati mtaa wake unapanga foleni ya mitungi. Zaidi ya hayo, anajidhuru. Kidimbwi kitupu chini ya jua la Voi hukauka, plasta hupasuka, vigae hubanduka; na ardhi ikiwa imelowa mvua, maji ya chini huweza kukisukuma kidimbwi kizima juu.

Mwingine atasema kwa hasira ya haki kwamba mji kama huu haufai kuwa na vidimbwi kabisa. Hapana. Watoto wa nyanda hizi hukulia karibu na silanga na mabwawa ya mifugo, ambako maji ni matope na hakuna wa kuwatazama, na Desemba shule zikiwa zimefungwa kidimbwi cha hoteli ndicho mahali salama wengi wao wanapoweza kujifunza kuogelea. Pia kuna wapishi, wafua nguo na madereva wanaokula kutokana na mgeni aliyechagua kulala hapa kwa sababu ya kidimbwi hicho.

Ni kweli pia kwamba kuna maji yasiyoponyeka, hasa yaliyorundikiwa dawa ya kukinga klorini dhidi ya jua hadi klorini yenyewe ikazuiwa. Hayo hupunguzwa theluthi moja, yakaongezwa mapya. Na hiyo theluthi, ikiachwa juani siku kadhaa bila dawa hadi klorini iishe, na ikiwa haina mrututu wala chumvi nyingi, inafaa kumwagilia miti. Kaunti inayotoa leseni kwa nyumba za wageni ina haki ya kumuuliza kila mwenye kidimbwi maji yake yanakwenda wapi anapoyatoa, na kumtaka awe na turubai la kukifunika. Kidimbwi cha mita za mraba 50 kinachopoteza milimita tano kwa siku hupandisha hewani lita 250, mitungi kumi na miwili na nusu, kabla ya mtu yeyote kuogelea.

Lakini turubai haliwezi kupima pH. Chanzo cha maji yale ya kijani ni mshahara uliobanwa miezi mitatu. Katika miezi ya wageni wachache kazi ya mtunza kidimbwi ni kama saa moja kwa siku: wavu, kipimo, kikombe cha klorini jioni, pampu saa chache, brashi mara moja kwa wiki. Mwenye nyumba asiyeweza kumlipa peke yake anaweza kupatana na wenzake wawili wa mtaa huo huo, wamlipe fundi mmoja azunguke vidimbwi vyote vitatu, na mapatano hayo yawe yamekamilika kabla ya masika ya Machi.