Ribiti ya Upande wa Ndani

Kupiga ribiti za ndege ni kazi ya watu wawili. Mmoja hukaa nje na nyundo ya upepo, mwingine huingia ndani na kukinga kwa kipande cha chuma kizito kinachoenea kiganjani. Wa nje akifyatua, mkia wa ribiti unaotokeza ndani hubonyea juu ya chuma cha mwenzake na kugeuka kichwa cha pili. Wa nje huona kichwa kilichotoka kiwandani, ambacho ni kizuri siku zote. Kile kinachofanywa papo hapo, kinachoshika kazi kweli, hukiona wa ndani peke yake.

Wa ndani nilikuwa mimi.

Mzee mwenye ndege ni mstaafu. Alitengeneza ndege za watu miaka mingi huko bara, kisha akahamia Diani apumzike, na kupumzika kukamshinda. Akaagiza ndege ya kuunganisha mwenyewe, ya alumini, ya viti viwili. Ikaja vipande vipande ndani ya masanduku ya mbao: mabati yaliyokwisha kukatwa na kutobolewa, mbavu, mifuko ya ribiti, na michoro minene kama msahafu. Masanduku yalivuka Likoni kwa feri, juu ya lori, na mzee akavuka nayo kwa miguu akiyatupia jicho kama mtu aliyebebewa mgonjwa. Gari lake likahamishwa gereji, likalala nje tangu siku hiyo.

Msomaji asidhani hili ni jambo la ajabu duniani. Marekani ndege za namna hii ni maelfu, na sheria yao inataka watu wanaoiunda kwa kujifunza au kujiburudisha wawe wamefanya wenyewe zaidi ya nusu ya kazi. Kwetu ndiyo nadra. Kabla ya hapo nilimjua mwunda ndege mmoja tu wa Kenya, na kumjua kwenyewe ni kwa runinga: Gabriel Nderitu wa Nyeri, mtu wa kompyuta aliyejiundia ndege nyumbani kwa kujisomea. Wapo waliomcheka. Mimi sikumcheka, kwa kuwa hatari aliyoitafuta ilikuwa juu ya shingo yake mwenyewe, na mtu na shingo yake ni jambo lao wawili.

Mzee aliniita kwa sababu ninakunja bati Ukunda: mifereji ya paa, matangi, milango ya maduka. Pia mimi ni mwembamba. Nadhani hilo la pili lilikuwa na uzito zaidi.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya kaskazi. Tulikuwa tunafunga bati la juu la bodi, kule inakoanza kuwa nyembamba kuelekea mkiani, na nilikuwa nimelala chali juu ya ubao, tochi kichwani, jasho linaniingia machoni. Ribiti ya namna ile, ya unene wa milimita 3.2, mkia wake ukishabonyea unatakiwa uwe na upana wa kama milimita 4.8 na urefu wa 1.6. Basi chuma kikaniteleza kidogo mkononi. Mkia haukubonyea, ulilala upande kama msumari uliokosewa.

Mzee akauliza kutoka nje, "Sawa?"

Nikajibu, "Sawa."

Tukaendelea na inayofuata.

Siku nne nilikaa na hiyo "sawa", na nitakuwa mwongo mara mbili nikisema nilikuwa ninajilaumu tu. Nilikuwa najitetea pia, tena kwa hoja nzuri. Ya kwanza: ndege ile ina maelfu ya ribiti, na zimepangwa ili zigawane mzigo, kama watu wanaovuta jarife ufukweni. Mmoja akilegea, samaki hawatoroki. Ya pili ilikuwa na nguvu zaidi. Kuitoa ribiti mbovu ni lazima uitoboe kwa drili, na drili ikienda kombo kidogo tu, tundu linakuwa kubwa au linachukua umbo la yai. Hapo inabidi utie ribiti nene zaidi, na bati linabaki na nyama chache hadi ukingoni. Mafundi wote wa kazi hii wanajua kwamba ribiti ya wastani ukiitengeneza unaweza kuifanya mbaya. Kwa hiyo, nilijiambia, nikisema nitaleta madhara, nikinyamaza silete. Uongo ukiwa na sababu za kiufundi hulala usingizi mzuri sana.

Kilichonikatiza usingizi ni baba yangu, ambaye ameshafariki. Alikuwa fundi wa vyombo kwetu Gazi. Alifanya kazi bila mchoro, kwa tezo na keekee na jicho, na mimi nilikuwa mtoto wa kushika ncha ya pili ya ubao. Sikumbuki akinihubiria ukweli hata siku moja. Hakuwa na haja, kwa sababu alikuwa na maji. Chombo kikishushwa siku ya bamvua, palipokalafatiwa vibaya panasema hapo hapo. Maji yanaingia, watu wanafua kwa upo, chombo kinangojewa hadi maji yapwe kilale mchangani, na fundi anarudi na pamba zake mbele ya kijiji kizima. Aibu inaisha kesho yake. Mahodari hata huulizana kwa utani nani kavujisha zaidi mwaka huu.

Bati la ndege halina maji ya kulisemea. Likishafungwa limenyamaza, na kuna kazi mbovu zinazoweza kunyamaza muda mrefu mno. Mwaka 1978 ndege kubwa ya Japan Airlines iligonga mkia wakati wa kutua Osaka, na ukuta wa nyuma unaozuia hewa ya ndani ukatengenezwa. Kiraka kikafungwa hivi kwamba mahali palipotakiwa safu mbili za ribiti kushika mzigo, ilishika moja. Kwa nje kazi ilionekana imekamilika. Ndege ikaruka miaka 7. Tarehe 12 Agosti 1985 ukuta ule ukapasuka angani, na kati ya watu 524 waliokuwemo wakafa 520.

Najua kulinganisha hivyo ni kujikweza. Ndege yetu ni ndogo, haijazwi hewa, haina ukuta wa namna ile, na ribiti yangu moja haiwezi kuua mtu. Mzee mwenyewe angenicheka. Lakini katika habari ile ya Japani kilichonishika hakikuwa hesabu ya chuma. Nilikuwa nawafikiria wale waliokaa vitini miaka 7, safari baada ya safari, juu ya jambo ambalo hawakuwa na njia ya kulikubali wala kulikataa.

Hapo ndipo swali langu lilipohama. Nilikuwa najiuliza kama ribiti ina hatari. Nikaanza kujiuliza hatari ni ya nani kuikubali.

Maana hatari yenyewe si dhambi. Hakuna chombo cha baharini wala cha angani kisicho nayo. Tarehe 17 Septemba 1908 Orville Wright alimpakia Luteni Thomas Selfridge wa jeshi la Marekani katika ndege aliyoiunda na kaka yake Wilbur. Panga la propela likapasuka, ndege ikaanguka, Selfridge akafa jioni ile. Ndiye abiria wa kwanza kufa kwa ndege ya injini. Orville alivunjika vibaya. Je, alimkosea Selfridge? Mimi naona hapana. Selfridge mwenyewe alikuwa mtu wa ndege, alijua wanafanya jambo changa. Na ule udhaifu wa panga Orville hakuujua. Wote wawili walikaa upande mmoja wa kutojua.

Ndugu wale walikuwa wamemwahidi baba yao kwamba hawatapanda pamoja, ili mmoja akifa mwingine abaki. Tarehe 25 Mei 1910 mzee akawapa ruhusa mara moja tu, wakaruka pamoja dakika chache. Kisha Orville akampakia baba yao, mwenye miaka 81, naye huko juu akawa anamhimiza mwanawe apande zaidi. Huyo ni abiria aliyejua kila kitu cha kujua, na akakubali.

Mimi na mzee wa Diani hatukuwa upande mmoja. Mimi nilikuwa najua, yeye hajui, na kiti cha mbele ni chake.

Jumatano nikapanda bodaboda nikaenda. Nikamkuta anapiga rangi ya kuzuia kutu kwenye vipande vya mkia. Chumvi ya Diani inakula alumini kimya kimya, hata ndani ya gereji.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Leo si Jumamosi, kijana wangu."

Nikamwambia. Hakusema kitu. Alichukua tochi na kioo kidogo chenye mkono, kile cha daktari wa meno, akajipenyeza mwenyewe humo ndani na magoti yake yanayomuuma, akakaa muda ambao mimi niliuona mrefu. Alipotoka alijifuta mikono, akasema tuiache. Imelala, lakini inashika. Kuitoboa pale ukingoni ni kutafuta makuu. Nikapumua. Ndipo akaniuliza:

"Na zile nyingine ulizosema sawa, za kweli ni ngapi?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Siku nne nilikuwa nimeshughulika na ribiti moja, kumbe kilichopinda kilikuwa kipimo. Mzee hakuwa na njia nyingine ya kuujua upande wa ndani ila mdomo wangu, na sasa mdomo ule ulikuwa na ufa, na ufa ule ulipita katika kila ribiti niliyokinga tangu mwanzo. Tukatumia Jumamosi mbili kuzikagua zote, yeye na kioo, mimi na daftari. Tukapata mbili nyingine, mbaya kuliko ile, ambazo naapa sikuziona. Hizo tulizitoboa. Moja ilitoka vizuri. Nyingine tundu lilipanuka, ikabidi tutie nene.

Yote aliyaandika katika kitabu cha kazi: tarehe, mahali, kilichofanyika, na herufi za jina langu. Ile iliyolala nayo imo, na picha yake. Siku mamlaka ya usafiri wa anga itakapokuja kukagua, itaikuta imeandikwa.

Linalobaki ni mjukuu. Yuko chuo Nairobi, ameahidiwa kiti cha pili siku ndege itakapotoka uwanja wa Ukunda kuitazama Wasini kutoka juu. Nilimuuliza mzee kama ataambiwa. Akasema mtoto hajui ribiti ni nini, kumwambia ni kumtwika mzigo asiojua pa kuushika. Ana haki kwa sehemu. Hata baba hakuwahesabia abiria misumari. Kuna kusema ukweli ambako ni kuutua mzigo wako juu ya kichwa cha mwingine ili wewe uende zako mtupu, na sina hakika kwamba Jumatano ile sikufanya kidogo hivyo. Marekani wameamua kwa mkato: ndani ya ndege ya namna hii lazima kuwe na kibao kinachomwambia abiria kwamba imeundwa na watu wasio kiwanda, na haikufuata kanuni zote za ndege za kawaida. Mimi ningetaka zaidi ya kibao. Ningetaka binti akae gerejini asubuhi moja, aone kitabu, aulize la kijinga analotaka kuuliza, halafu apande au asipande. Mzee amesema tutaona akija likizo. Hatujaelewana hapo.

Bodi sasa imekaa juu ya farasi wake wa mbao, mabawa bado yamo sandukuni. Jumamosi bado naingia ndani, mzee bado yuko nje na nyundo. Akiuliza "Sawa?" sijibu haraka. Naingiza kioo, nasogeza tochi, natazama kushoto na kulia. Kompresa inanguruma, joto ni lile lile, na yeye hana subira.

"Wewe! Umelala humo?"