Sare ya Kwanza

Baba mkubwa alinipa kazi ya kuandika historia ya ukoo, isomwe kwenye kikao cha Desemba hapa Sumbawanga. Akaweka sharti moja: "Andika kwamba babu alikuwa Keya. Ile ya Mjerumani iache."

Babu anayemsema ni babu yake yeye. Alikuwa askari wa Mjerumani, akatekwa, akavaa sare ya Mwingereza. Hakuwa peke yake. Mwaka 1917, katikati ya vita, Waingereza walipounda upya Kikosi cha 6 cha King's African Rifles, ndiyo hiyo Keya ya wazee wetu, waliwaingiza humo askari waliotoka jeshi la Kijerumani. Walikwisha kujua bunduki, na nchi waliijua.

Baba mkubwa anaona aibu ya kugeuka. Mimi nikajiuliza: alimgeuka nani? Boma la Bismarckburg pale Kasanga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, halikujengwa ili kumlinda Mfipa. Juni 1916 Waingereza walipolizingira, Wajerumani walitoroka usiku kwa njia ya ziwa, na wenyeji wakaamka wana bwana mwingine bila kuulizwa. Kiapo ulichomlia mtu aliyekuja kuitwaa nchi yako kinakufunga kwa lipi?

Wenzake wengine hawakugeuka. Walimfuata Lettow-Vorbeck hadi aliposalimisha silaha Novemba 1918 kule Abercorn, Mbala ya leo, hapo ng'ambo ya mpaka wetu. Mwaka 1964 Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa wale waliokuwa bado hai. (Januari ya mwaka huohuo, jeshi la Tanganyika lililorithi Kikosi cha 6 liliasi, mshahara ukiwa mojawapo ya madai.) Nikaandika pembeni ya daftari: sifa ya uaminifu hutolewa na anayefaidika nao. Niliipenda sana sentensi hiyo.

Kisha nikamsomea shangazi, ambaye alimkuta babu akiwa hai. Alinisikiliza huku anachambua maharage.

"Babu hakumtaja Mjerumani hata siku moja," alisema. "Alikuwa akimtaja rafiki yake aliyebaki upande ule. Walikula sahani moja miaka mitatu. Halafu siku moja wakarushiana risasi porini, na hakujua kama yake ilimpata."

Daftari nikalifunga. Kiapo cha bwana nilikuwa nimekifuta kwa hoja, tena hoja nzuri. Lakini mtu aliyekubeba ulipougua homa anakudai, hata kama aliyewakutanisha ni mkoloni. Wala siwezi kumwambia babu angekataa ile sare ya pili. Wapagazi wa vita ile walikufa kwa makumi ya maelfu, na mtu asiye na bunduki hakuwa na uhakika wa kutogeuzwa mpagazi. Alichagua kuishi, na kwa kuchagua hivyo nami nipo.

Nimeandika sare zote mbili, na rafiki pia, bila jina.

Baba mkubwa amesoma rasimu. Kuhusu Mjerumani hajasema kitu. Ameuliza tu yule rafiki alikuwa mtu wa wapi.