Mti uliosimama una bei gani, na nani anaijua?

Ndugu zangu, sisi wa mjini tunaujua mninga ukiwa kitanda au mlango. Tunabishana na seremala mpaka elfu tano ya mwisho. Sijamsikia mtu akiuliza mti ule ulipokuwa bado umesimama porini ulithaminiwa kiasi gani, na aliyeuthamini ni nani.

Mnunuzi anayekwenda Kilwa au Rufiji ana utepe. Anauzungusha kwenye shina usawa wa kifua, anakadiria urefu wa sehemu iliyonyooka, anapata mita za ujazo. Kisha anagonga shina asikilize kama lina uwazi ndani. Mpingo, hasa, unataka jicho la mzoefu: shina limepinda, lina mifereji, na thamani yote imo kwenye kile kiini cheusi. Mwenyeji yeye anahesabu miti: mmoja, wawili, watatu. Wanapatana na kupeana mikono. Je, hiyo ni ridhaa?

Wapo watakaosema kila mfanyabiashara hula kwa ujuzi wake. Kweli, na gharama za lori na hatari ya njiani ni zake. Lakini Mtume (S.A.W) alikataza watu kuipokea misafara njiani kabla haijafika sokoni, na katika riwaya ya Muslim mwenye mali aliyeuza hivyo ana khiyari akishafika sokoni. Hakudanganywa kwa ulimi. Aliwahiwa tu kabla hajaijua bei. Wanachuoni wamekhitilafiana kama bei ya kupunjwa peke yake inampa muuzaji haki ya kuvunja mauzo. Mimi naona hata kama mkataba unasimama, dhima ya aliyepima akanyamaza haijaondoka. Jarir bin Abdillah, kama alivyopokea Tabarani, aliletewa farasi wa dirham 300, akamwambia mwenyewe kuwa anastahiki zaidi, akampandishia mpaka 800. Leo tungemwita mjinga.

Wala si wanakijiji peke yao. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, magogo ya kusini yalipata njia. Ripoti ya TRAFFIC ya mwaka 2007 ilikadiria kuwa hadi asilimia 96 ya mrabaha uliostahili haikukusanywa, na kwamba China iliandikisha mbao kutoka Tanzania mara kumi ya zile tulizoandika sisi kuwa zimetoka. Hapo siwezi kusema hatukujua kupima.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake na kupata mapato yake. Kikole na Kisangi, huko Kilwa, walifanya hivyo, na mwaka 2009 misitu yao ikaingia kwenye cheti cha FSC. Pale wanakijiji wenyewe walifundishwa kushika utepe. Mfanyabiashara akilalamika kuwa bei ya huko si ile ya zamani, mimi sioni alichodhulumiwa.