Divai Inapokwisha Nyumbani



Hebu fikiri juu ya nyumba hii, pengine utaitambua. Ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Bwana anayefanya kazi Nairobi anatazamiwa nyumbani. Kuku amechinjwa, watoto wameoga, na kila mmoja anajua baba ataleta nini: viatu vya shule, sukari, na pesa za fundi wa paa. Jioni bwana anashuka kwenye matatu na mkate mmoja tu. Mshahara umechelewa. Kabla hajaeleza, mkewe anamwuliza, "Ndivyo ulivyokuja?" Naye bwana anajibu, "Basi heri ningebaki huko huko." Kuku analiwa kimya.

Mwezi unaofuata mshahara unatoka kwa wakati. Bwana anatuma pesa kwa simu, lakini yeye hasafiri. Viatu vinanunuliwa, ila bwana amepoteza hamu ya kurudi nyumbani, na bibi amepoteza hamu ya kumngoja. Ndoa nyingi huanza kupoa kwa mambo madogo kama haya.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Amoris Laetitia wa mwaka 2016, alieleza kwamba tunakosa subira tunapotaka watu wawe wakamilifu na kila jambo liende tupendavyo sisi. Je, wewe hujawahi kumdai mwenzako kile ambacho yeye mwenyewe hakukipata?

Tukumbuke arusi ya Kana katika Injili ya Yohane, sura ya 2. Divai ilikwisha wageni wakiwa bado mezani. Aibu iliyoje kwa wenye arusi! Mama Maria aliona upungufu huo, lakini hakutafuta wa kulaumiwa. Alimweleza Mwanawe, kisha akawaagiza watumishi wamtii. Nao walianza na kilichokuwapo, yaani maji. Walijaza mitungi 6 ya mawe, kila mmoja wa lita 80 hadi 120 hivi. Kazi hiyo haikuwa ndogo, na muujiza ulikuja baada yake.

Nasi tufanyeje divai inapokwisha nyumbani kwetu?

Kwanza, mpokee mtu kabla ya kuutazama mfuko wake. "Karibu, baba. Pole na safari." Mpe maji ya kuoga na chai. Habari ya viatu itangoja hadi mmalize kula.

Pili, wewe uliyekwama, sema mapema. Wanaume wengi huficha shida mpaka mlangoni kwa kuogopa aibu. Simu unayo mfukoni. Mama akijua tangu Alhamisi kwamba mshahara haujatoka, atapanga mambo yake, na watoto atawaandaa.

Tatu, watoto wakishalala, kaeni wawili mhesabu mlicho nacho. Nini kilipwe sasa? Nini kingoje? Nani aombwe muda? Kisha salini pamoja, hata kama ni Salamu Maria moja tu. Mtakatifu Paulo aliwaonya Waefeso wasiache siku iishe wakiwa bado na hasira, na onyo hilo linatufaa hata sisi.

Lakini tuelewane vizuri. Kupokea hali kwa moyo mtulivu si kunyamazia uovu. Mshahara uliochelewa si sawa na mshahara ulioishia baa. Na mtu anayepigwa nyumbani asiambiwe avumilie tu. Waraka ule ule unafundisha kwamba subira si kukubali kuteswa. Mtu huyo aende mahali salama, awaeleze watu anaowaamini, na atafute msaada wa padre na wa sheria.

Siku ya arusi yenu mliahidiana uaminifu katika taabu na raha. Taabu nyingi za ndoa huja kidogo kidogo: ugali ulioungua, ahadi iliyosahauliwa, mgeni asiyetazamiwa. Hapo ndipo ahadi ile hutimizwa kila siku.

Basi leo jioni, mwulize mwenzako: "Ni lini nilikupokea vibaya?" Msikilize mpaka mwisho bila kujitetea, kisha umwombe msamaha.

Mama Maria, uliyeona shida ya wanaarusi wa Kana, utuombee. Amina.