Maumivu Yasiyo na Shahidi

Nina umri wa miaka sabini na kitu, na katika umri huu mtu huamkiwa na mambo aliyodhani ameyazika. Moja kati ya mambo yangu liliamshwa na kishikwambi.

Mjukuu wangu ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Hanang. Likizo ya Juni alikuja kunitembelea hapa Mbulu, na baada ya chakula cha usiku akakaa na kishikwambi chake, kimojawapo cha vile vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, ambavyo baadaye Serikali iliwagawia walimu. Alikuwa akisoma masomo ya mafunzo kazini, kisha akaandaa azimio la kazi la muhula unaofuata. Ilipokaribia saa nne nikamwona anafumba macho na kuyasugua kwa viganja.

"Babu," akasema, "macho yanawaka kama yametiwa mchanga. Na kichwa kinagonga hapa, juu ya nyusi."

Nikamuuliza kama amekwenda kupimwa. Akaniambia amekwenda, naye alisoma herufi zote ukutani hadi mstari wa chini kabisa. Akaambiwa macho yake ni mazima. Aliporudi shuleni na kueleza hayo, mwenzake mmoja alicheka akasema, "Basi huumwi. Ni uvivu wa kisasa huo."

Ndugu msomaji, sitaki kujifanya mwema kuliko nilivyo. Maneno yaliyonijia mdomoni yalikuwa ndugu wa hayo. Nilitaka kusema, "Sisi tulisoma kwa koroboi, mbona hatukulalamika?" Yalikuwa yameshafika ulimini. Nikayameza, kwa sababu nilikumbuka kwamba niliwahi kuyasema zamani, na nilikumbuka nilimwambia nani.

Ilikuwa mwaka 1978. Nilikuwa mwalimu mkuu kijana, nimetoka chuo cha ualimu miaka michache tu nyuma, na wilaya zetu hizi zilikuwa bado katika mkoa wa Arusha. Ndicho kipindi cha Elimu ya Msingi kwa Wote. Watoto walimiminika shuleni na walimu hawakutosha, kwa hiyo vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa wakafundishwa ualimu hukohuko vijijini, kwa masomo ya posta na ya redio, huku wakifundisha. Mimi nilipewa vijana wanne wa kuwalea. Watatu walikwenda vizuri. Wa nne alikuwa mpole na hodari wa kuongea na watoto, lakini kila nilipokagua kazi zake za posta nilizikuta nusu. Akaniambia, "Mwalimu, nikisoma usiku macho yanauma, maandishi yanacheza, na kichwa kinapasuka."

Mimi nilimtazama kama hakimu. Nilikuwa na ushahidi wangu, na niliuona ni madhubuti. Kijana yule yule, tukiwa tumekaa barazani jioni, aliweza kukuambia ng'ombe wa nani wanapanda ng'ambo ya bonde, na yupi kati yao anachechemea. Nikajiuliza: mtu anayemwona ng'ombe ng'ambo ya bonde atashindwaje kuiona herufi iliyo chini ya pua yake? Nikahukumu kwamba ni mvivu. Nilimwambia hayo ya koroboi mbele ya wenzake, na katika taarifa yangu nikaandika kwamba hana moyo wa kazi. Kabla ya mwaka kwisha aliacha ualimu.

Miaka ikapita. Nilipofika miaka arobaini na mitano hivi, siku moja nilifungua daftari la mahudhurio nikaona majina yamekuwa ukungu. Nikalisogeza mbali, mbali tena, mpaka mkono ukaisha. Nikainua kichwa, nikauona mlima Hanang dirishani, wazi kila bonde lake. Nikaenda hospitali, nikavalishwa miwani ya kusomea, nikaelezwa jambo ambalo ningetakiwa kulijua kabla ya kuhukumu mtu.

Kuona mbali na kuona karibu si kazi moja. Ndani ya jicho mna lenzi, na kando yake mna msuli mdogo. Ukitazama mbali, msuli huo hulegea. Ukitazama karibu, hujikaza ili lenzi itune. Tukiwa wadogo lenzi ni laini. Kuanzia miaka arobaini hivi imekwisha kuwa ngumu kiasi kwamba msuli hauiwezi tena. Lakini wapo vijana wanaozaliwa na macho ambayo picha ya kitu cha karibu hutaka kuangukia nyuma ya mahali pake. Hao huona mbali vizuri sana, ila kila wanaposoma msuli wao hufanya kazi kupita wa wengine, mpaka uchoke na kichwa kiume. Miwani huwatosha kabisa. Ng'ombe wa ng'ambo ya bonde, niliyemfanya shahidi wa kumshitaki yule kijana, hakuwa akithibitisha lolote juu ya herufi.

Mjukuu wangu hana tatizo hilo, amepimwa. Lake ni la kioo. Mtu aliyetulia hupepesa macho kiasi cha mara 15 kwa dakika, na kila anapopepesa ukope hulipaka jicho machozi. Mbele ya kioo, iwe ni kishikwambi, simu au kompyuta mpakato, kupepesa hupungua sana, pengine hadi nusu au chini ya nusu, na mwenyewe hajui. Jicho hukauka, ndipo linawaka kama lina mchanga. Msuli nao umekazwa saa mbili mfululizo bila kulegezwa. Haya ndiyo yote. Wataalamu wa macho wanasema hakuna ushahidi kwamba uchovu huu unapofusha au kuacha kovu. Hata ile miwani ya kuzuia mwanga wa buluu inayotangazwa sana, uchunguzi mkubwa wa tafiti uliotolewa mwaka 2023 ulionyesha kwamba huenda haipunguzi uchovu huo kuliko miwani ya kawaida. Dawa yake ni ya bure: kila baada ya dakika 20, inua macho utazame kitu kilicho umbali wa mita 6 au zaidi kwa sekunde 20, na kumbuka kupepesa.

Sasa, hapo ndipo penye swali langu. Kama hakuna kinachoharibika, je, mwenye kulalamika analalamikia nini? Zamani katika nchi yetu hii ya wafugaji, ugonjwa wa macho ulikuwa na uso. Vikope vilionekana: jicho jekundu, kope zimejikunja ndani. Mtoto wa jicho alionekana kama wingu jeupe. Hata asiye mganga alisikitika. Lakini uchovu wa macho hauna uso. Mpimaji hauoni, mwenzako hauoni, na wewe mwenyewe huwezi kuutoa ukauweka mezani. Shahidi wake ni mmoja tu, naye ndiye mshitakiwa.

Wahenga waliona jambo hili mapema. Walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na kwamba kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Methali hizi aghalabu tunazitumia kujitetea sisi wenyewe: niacheni, hamjui ninayoyapata. Ni mara chache kuzigeuza zitukemee sisi. Maana kama sijui kunguni wa kitanda chako, basi sina haki ya kusema hawapo. Kutojua kwangu hakukupunguzii wewe kuumwa.

Natambua hoja ya upande wa pili, kwa kuwa nimeiishi zaidi ya miaka 30. Mkuu wa shule akimsadiki kila anayesema anaumwa, Jumatatu hatakuwa na walimu. Watoro wapo, na nimewafahamu kwa majina. Hoja hiyo si ya kipuuzi. Lakini tupime mizani yote miwili. Nikimsadiki mwongo, ameniibia saa moja, au siku moja. Nikimkana mkweli, nimemnyang'anya jina lake, na nimemfundisha kwamba akiumwa tena anyamaze. Makosa haya mawili hayana uzito mmoja, ila sisi wenye madaraka tunaogopa zaidi lile dogo, kwa kuwa ndilo linalotuaibisha sisi. Lile kubwa humwaibisha mwingine.

Tena, kumsadiki mtu si kumpa kila anachotaka. Ningeweza kumwambia yule kijana, "Nimekusikia. Nenda ukapimwe, kisha tutaona kazi tuipange vipi." Sentensi mbili tu. Zingenigharimu nauli ya basi.

Na liko kosa jingine ndani ya lile neno langu la koroboi. Si kweli kwamba hatukulalamika. Tuliumwa, machozi yalitutoka kwa moshi, asubuhi tukaamka na pua nyeusi. Tulinyamaza kwa sababu hapakuwa na wa kumwambia. Kisha tulipokuwa wakubwa tukauita ule unyamavu wetu ushujaa, tukautumia kama fimbo ya kuwachapia waliotufuata. Mtu aliyevumilia shida ana hiari mbili: kuwapunguzia wengine, au kuwadai walipe kama alivyolipa yeye. Mimi nilidai.

Basi usiku ule nilimwambia mjukuu wangu, "Nakusadiki. Weka chini." Akashangaa kidogo, kwa maana najua sifa yangu katika ukoo. Nikamweleza habari ya msuli na ya kupepesa. Nikamwambia kwa mzaha kwamba yeye ana bahati kuliko walimu wa mijini, kwani shuleni kwake akiinua macho anautazama mlima wa zaidi ya mita 3,400, bila malipo.

Akanyamaza. Kisha akasema, "Babu, darasani kwangu wapo watoto ambao hawapendi kuutazama."

Nikaelewa. Desemba 3, 2023, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo yalishuka kutoka mlima ule ule yakaingia Katesh na vijiji vya jirani, na watu wengi walipoteza maisha. Kwangu mimi mlima ni mahali pa kupumzishia jicho. Kwa mtoto yule ni mahali pa kilio. Mlima ni mmoja na macho yote ni mazima. Mpimaji angewaandika wote kwamba wanaona vizuri. Kumbe hata usiku ule, nikiwa najipongeza kwa kusadiki, nilikuwa nimeshaanza tena kuamua kwa niaba ya mwingine nini kinamuuma na nini kinampumzisha.

Yule kijana wa 1978 nilikutana naye mara moja tu, miaka mingi baadaye, katika mnada wa ng'ombe. Nilimtambua kwa sauti. Alikuwa amevaa miwani minene, ameshika daftari, anaandika bei bila kusita. Aliponiona aliivua kofia yake akasema, "Shikamoo, Mwalimu." Nikaitika marahaba. Tukaulizana habari za nyumbani na za mvua, tukaagana. Miwani ile niliiona vizuri sana, na nilijua ina maana gani. Neno moja tu lilitakiwa, nami sikulisema.

Kama yu hai, na kama ukurasa huu utamfikia, alisome sasa: ulisema kweli, na mimi nilikuwa na wajibu wa kukusadiki.